Bastola za baruti nyeusi: jinsi zilivyoshindiliwa, na kwa nini ukongwe wake haukuondoa hatari

Bastola ya mfukoni ya baruti nyeusi ni silaha fupi ya karne ya 19 isiyotumia risasi zenye ganda. Mwenye kuitumia hujaza kwa mkono wake baruti, gololi ya risasi na fataki katika kila chumba cha silinda, na ndipo huweza kufyatua mara tano au sita kabla ya kuanza kazi hiyo upya.

Leo silaha za aina hii huonekana zaidi katika makumbusho, katika makabati ya wakusanyaji wa vitu vya kale na katika viwanja vya mashindano vya Ulaya na Marekani. Hata hivyo, zilifika pia Afrika Mashariki, kuanzia pwani ya Wasomali hadi ikulu ya Buganda, na zilitangulia bunduki zilizobadili hatima ya nchi zilizozunguka Ziwa Kivu.

Kwa wakazi wa Nyakiriba na tarafa nyingine za wilaya ya Rubavu, eneo lililopakana na Goma na lililopitiwa na vita vya miaka ya 1990, habari hii ina manufaa ya karibu zaidi. Silaha iliyofukiwa ardhini au iliyoachwa sandukuni na mababu haipotezi nguvu zake kwa sababu ya kutu. Anayefahamu jinsi ilivyoshindiliwa ataelewa pia kwa nini haifai kuguswa.

Baruti nyeusi ni nini?

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa ya kuni na kiberiti. Ilivumbuliwa China zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, ikaenea Asia, nchi za Kiarabu na Ulaya, na kwa karne nyingi hapakuwa na kitu kingine cha kusukuma risasi kutoka katika mtutu.

Inatofautiana na baruti ya kisasa kwa mambo mawili. Kwanza, huwaka upesi hata kwa cheche ndogo, na haihitaji kubanwa ili ishike moto. Pili, haiungui yote ikawa hewa. Zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa vitu vigumu: sehemu hutoka kama moshi mzito mweupe, na sehemu hugandamana ndani ya silaha kama masizi. Masizi hayo hunyonya unyevu wa hewa na kuanza kula chuma baada ya muda mfupi.

Baruti isiyo na moshi ilitengenezwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, na miaka miwili baadaye jeshi la Ufaransa likaanza kutumia bunduki ya Lebel iliyobuniwa kwa ajili yake. Baruti hiyo mpya hutoa msukumo mkubwa kupita kiasi kwa silaha za kale. Kuitia katika bastola iliyoundwa kwa baruti nyeusi ni kuigeuza bastola hiyo kuwa bomu mkononi mwa mwenye kuishika.

Kutoka gumegume hadi silinda

Waswahili walizifahamu silaha za kushindilia muda mrefu kabla ya bastola za silinda kufika. Gobori, au korofindo kama lilivyoitwa pia, hujazwa kupitia mdomo wa mtutu: baruti hutiwa, hufuatwa na kitambaa na risasi, kisha vyote husukumwa hadi chini kwa mdeki. Bunduki za gumegume ziliwashwa kwa jiwe lililopiga chuma na kutoa cheche. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 jiwe likaanza kuachwa, na fataki, kikofia kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka kinapogongwa, ikachukua nafasi yake.

Fataki ndiyo iliyowezesha bastola ya silinda kuwa silaha ya kutegemewa. Mmarekani Samuel Colt alipata hataza yake Uingereza mwaka 1835 na Marekani mwaka 1836. Katika muundo wake, silinda yenye vyumba kadhaa huzunguka nyuma ya kasiba moja. Kila nyundo inapovutwa nyuma, chumba kipya husogea na kusimama sawa na kasiba.

Bastola ya mfukoni ya Colt ya mwaka 1849 ilipata umaarufu mkubwa. Kasiba yake ilikuwa na upana wa takriban milimita 8, na nyingi zilikuwa na vyumba vitano. Hadi utengenezaji wake ulipokoma mwaka 1873, zaidi ya 300,000 zilikuwa zimetoka kiwandani. Huko London, Robert Adams alitoa mwaka 1851 bastola ya vyumba vitano iliyofyatuliwa kwa kuvuta triga peke yake, bila kuvuta nyundo kwanza kwa kidole gumba. Maofisa wengi wa Uingereza waliokuwa wakielekea India na Afrika waliinunua.

Jinsi ilivyoshindiliwa

Kazi ilianza kwa kukagua kama silaha ilikuwa tupu na kavu. Mafuta ya kuhifadhia chuma yalifutwa katika kila chumba, kwa kuwa baruti iliyolowa mafuta haiwaki. Wengi walivika fataki tupu na kuzifyatua bila baruti ili kukausha vitundu vya kupitishia moto. Baada ya hapo nyundo iliwekwa nusu, mahali ambapo silinda huzunguka kwa uhuru.

Baruti ilipimwa kwa ujazo. Katika bastola ndogo ya mfukoni kipimo kilikuwa takriban gramu moja au pungufu yake. Mtu mwangalifu alimimina kwanza katika kipimo kidogo cha shaba, na kutoka hapo akatia chumbani. Hakumimina moja kwa moja kutoka katika pembe ya baruti. Iwapo kaa dogo la moto limesalia chumbani kutokana na mlio uliotangulia, kitakachowaka ni kile kipimo kidogo tu, wala si pembe nzima iliyo mkononi.

Juu ya baruti iliwekwa gololi ya risasi laini. Lugha ya Kiswahili hapa imehifadhi historia, kwani neno risasi ni jina la madini yenyewe na pia la kitu kinachotoka katika bunduki. Gololi hiyo ilikuwa kubwa kidogo kuliko chumba. Mkono wa kushindilia uliofungwa chini ya kasiba uliisukuma ndani kwa nguvu hadi ukingo wa chumba ukakwangua pete nyembamba ya risasi. Pete hiyo ilikuwa dalili njema kwamba chumba kimezibika barabara.

Gololi ilipaswa kukaa juu ya baruti pasipo nafasi yoyote kati yake. Nafasi tupu ya hewa huweza kufanya msukumo upande ghafla na kupasua chuma. Baada ya kushindilia, wengi walipaka mafuta mazito au nta iliyochanganywa na shahamu juu ya kila gololi. Mafuta hayo yalilainisha masizi ndani ya kasiba na kusaidia kuzuia cheche zisipenye.

Fataki zilikuja mwisho. Kila moja ilivikwa juu ya chuchu ya chuma iliyo nyuma ya chumba chake. Kuanzia hapo silaha ilikuwa hai, na kwa sababu hiyo hakuna mwalimu aliyeruhusu fataki zivikwe kabla ya baruti na gololi kuwekwa na mdomo wa bastola kuelekezwa mahali salama. Wenye busara waliacha chumba kimoja bila kukijaza na kulaza nyundo juu yake, ili bastola ikianguka isifyatuke.

Mtu mzoefu alihitaji dakika kadhaa kukamilisha vyumba vitano. Penye mvua, upepo au giza, muda ulirefuka.

Kilichoweza kwenda mrama

Hitilafu ya kwanza ni fataki kuvunjika. Inapogongwa hupasuka, na vipande vyake vya shaba huweza kuanguka ndani ya mitambo ama kunasa kati ya silinda na fremu. Silinda ikikwama, bastola yenye vyumba vilivyojaa huwa haina faida kuliko rungu.

Ya pili ni moto wa kurukiana. Cheche kutoka katika chumba kinachofyatuliwa hupenya katika chumba jirani, ama kwa mbele kupitia gololi isiyobana, ama kwa nyuma kupitia fataki iliyolegea. Vyumba viwili au zaidi hulipuka kwa pamoja, na gololi ambazo hazikuelekea kwenye kasiba hutafuta njia nyingine. Vidole vya mkono ulioshika mbele ya silinda ndivyo huumia.

Ya tatu ni kuchelewa kuwaka. Nyundo hugonga, fataki hulia, lakini baruti iliyopata unyevu huchukua muda kabla ya kushika. Kanuni iliyofundishwa tangu enzi hizo, na inayofuatwa hadi leo katika viwanja vya kulenga shabaha, ni kuendelea kuelekeza mdomo wa silaha mahali salama na kungoja kwa muda wa kutosha kabla ya kuichunguza.

Usafi nao haukuwa jambo la hiari. Silaha iliyofyatuliwa ilifunguliwa siku ileile, ikaoshwa kwa maji ya moto na sabuni, ikakaushwa na kupakwa mafuta. Iliyolala na masizi usiku mmoja katika hewa ya pwani ilianza kutu kufikia asubuhi.

Berbera, Aprili 1855

Mfano ulio wazi wa udhaifu huo katika Afrika Mashariki ulitokea Berbera, kwenye pwani ya Wasomali. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Aprili 1855, kambi ya maofisa wanne wa Kiingereza ilishambuliwa na mamia ya wapiganaji. Maofisa hao walikuwa Richard Burton, John Hanning Speke, Herne na Stroyan, nao walikuwa wakijiandaa kuingia bara.

Kwa mujibu wa maelezo yaliyochapishwa baadaye na Burton na Speke, Herne alifyatua bastola yake kisha akatafuta pembe yake ya baruti gizani bila kuipata. Speke alitoka hemani na bastola ya Adams. Alipomwelekezea mshambuliaji mmoja kwa karibu kabisa na kuvuta triga, silinda ilikataa kuzunguka. Yeye mwenyewe alidhani kwamba fataki ilikuwa imenasa. Alipigwa rungu, akafungwa na kuchomwa mikuki mara kadhaa kabla ya kufanikiwa kukimbia. Burton alichomwa mkuki uliopita shavu moja na kutokea la pili. Stroyan aliuawa.

Katika tukio hilo, silaha iliyosifiwa London kuwa hodari ilishindwa na kipande cha shaba kisichozidi ukubwa wa punje ya mtama. Mikuki haikuhitaji kushindiliwa.

Zawadi kwa Kabaka

Miaka mitano baadaye Speke alirudi Afrika Mashariki akiwa na James Grant, akitafuta chanzo cha Mto Nile. Mwezi Novemba 1861, wakiwa Karagwe kwa Mukama Rumanika, Speke aliona upande wa magharibi vilele virefu alivyotajiwa kwa jina la Mfumbiro. Hiyo ndiyo safu ya volkano za Virunga, ambayo wakazi wa Rubavu huiona mawingu yanapotawanyika. Hakufika huko. Alielekea kaskazini hadi Buganda.

Mwezi Februari 1862 alimkabidhi Kabaka Mutesa wa Kwanza zawadi ambazo orodha yake imo katika kitabu chake cha safari. Miongoni mwake zilikuwamo bunduki ya Whitworth, bastola moja ya silinda, bunduki fupi tatu, sanduku la risasi na sanduku la fataki. Fataki zilitajwa peke yake kwa sababu ya msingi: bila hizo, silaha zote hizo ni vyuma vya kawaida.

Speke anasimulia pia kwamba Mutesa alishindilia kwa mikono yake mojawapo ya bunduki fupi, akamkabidhi mtumishi mtoto ikiwa tayari kufyatuliwa, na kumwamuru akampige mtu aliyekuwa katika ua wa nje. Mtoto alirudi na kutangaza kwamba amefaulu. Speke anaongeza kwamba hakusikia kamwe mtu huyo alikuwa nani, wala hakuona yeyote aliyetaka kujua.

Simulizi hiyo imenukuliwa mara nyingi kuonyesha ukatili wa mfalme mmoja. Inafaa isomwe pia kwa upande wa aliyeleta silaha. Bunduki na fataki zilitolewa kama malipo ya njia, pamoja na shanga na vitambaa vya hariri, na mtu wa kwanza kuuawa nazo hakuandikwa jina katika kitabu chochote.

Biashara ya magobori na Mkataba wa Brussels

Bastola za silinda zilibaki kuwa mali ya wachache: wasafiri, maofisa, wafanyabiashara wakubwa na baadhi ya wafalme. Silaha ya wengi ilikuwa gobori. Majeshi ya Ulaya yalipobadilisha bunduki zao, zile za zamani ziliuzwa kwa bei ndogo na kusafirishwa hadi Zanzibar, kisha zikapelekwa bara na misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Zanzibar alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia Afrika Mashariki kila mwaka.

Sauti ya silaha hizo imebaki hata katika majina ya watu. Hamed bin Muhammed, mfanyabiashara mashuhuri wa Zanzibar aliyetawala sehemu kubwa ya mashariki mwa Kongo, anaeleza katika maisha yake, aliyoyasimulia kwa Kiswahili, kwamba jina la Tippu Tip alipewa na watu waliosikia mlio wa bunduki zake.

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba wa kupiga vita biashara ya watumwa. Mkataba huo ulizuia pia kuingizwa kwa silaha katika eneo la Afrika lililo kati ya latitudo ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini, eneo ambalo Rwanda nzima imo ndani yake. Bunduki zenye mitambo ya kisasa zilipigwa marufuku kwa watu wa kawaida. Bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuruhusiwa kwa masharti.

Hivyo mkataba ulichora mstari kati ya silaha za kale na silaha mpya. Mwafrika aliachiwa, pale aliporuhusiwa, ile inayoshindiliwa kwa mdeki. Majeshi ya kikoloni yalibaki na ile inayojazwa kwa nyuma.

Rwanda na maana ya mstari huo

Rwanda ya Mwami Kigeri wa Nne Rwabugiri haikufunguliwa kwa misafara ya pwani kama Karagwe au Buganda. Henry Morton Stanley alipokuwa Karagwe mwaka 1876, aliambiwa kwamba watu wa Rwanda hawakaribishi wageni. Nguvu ya majeshi ya Mwami ilitegemea mikuki, pinde na nidhamu ya vikosi vyake. Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alipovuka nchi hiyo mwaka 1894, alionana na Rwabugiri, akapanda mlima Nyiragongo na kufika Ziwa Kivu akiwa na askari wenye bunduki.

Rwabugiri alifariki mwaka 1895. Mwaka uliofuata, kikosi cha Dola Huru ya Kongo kilijenga kituo Shangi, kusini mwa Ziwa Kivu. Jeshi la Rwanda lilikishambulia na kushindwa kwa hasara kubwa, na miongoni mwa waliouawa alikuwamo Bisangwa, kamanda mashuhuri wa enzi ya Rwabugiri. Silaha ya kawaida ya jeshi la Dola Huru wakati huo ilikuwa bunduki ya Albini. Nayo ilitumia baruti nyeusi, lakini iliyofungwa ndani ya ganda la shaba pamoja na risasi na fataki, ikaingizwa kwa nyuma kwa sekunde chache.

Kati ya Berbera na Shangi ilipita miaka 41. Baruti ilikuwa ya aina ileile, na moshi ulikuwa uleule mweupe. Kilichobadilika ni muda wa kushindilia. Kule Berbera, nafasi kati ya mlio wa mwisho na kutafuta pembe ya baruti ilimpa mwenye mkuki fursa ya kufika. Huko Shangi nafasi hiyo ilikuwa imekwisha kufungwa.

Hali ya leo kisheria

Bastola za kushindilia bado hufyatuliwa kwa michezo. Shirikisho la kimataifa la MLAIC, lililoanzishwa mwaka 1971, huandaa mashindano ya dunia ya silaha za aina hii. Katika mojawapo ya mashindano ya bastola za silinda, shabaha huwekwa mita 25, kila mshiriki hupewa milio 13 ndani ya dakika 30, na kumi iliyo bora ndiyo huhesabiwa. Wengi hutumia nakala mpya zilizotengenezwa kwa chuma cha kisasa, kwa kuwa chuma cha karne ya 19 huweza kuwa na nyufa zisizoonekana kwa macho.

Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi. Sheria ya serikali kuu ya Marekani haihesabu kuwa bunduki silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake. Uingereza humruhusu mtu kuhifadhi silaha ya kale kama pambo bila cheti, lakini anayetaka kuifyatua hulazimika kuwa nacho. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha ya mwaka 2001 inaacha kila nchi itoe tafsiri yake ya silaha ya kale, kwa sharti kwamba hakuna iliyotengenezwa baada ya 1899 itakayoitwa hivyo.

Katika eneo la Maziwa Makuu, msingi wa ushirikiano ni Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004, ambayo Rwanda ni mmoja wa wanachama wake. Itifaki hiyo inazitaka nchi kudhibiti umiliki wa silaha ndogo, kuzitia alama na kuziteketeza zilizozidi mahitaji. Nchini Rwanda, silaha husimamiwa na sheria ya mwaka 2018, na raia hawezi kumiliki bunduki bila kibali cha mamlaka husika. Mtu asidhani kwamba ukongwe wa silaha unasimama badala ya kibali hicho.

Ukikuta silaha ya kale

Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba bastola au gobori lililoshindiliwa haliwezi kutambuliwa kwa kutazamwa tu. Baruti na gololi hukaa ndani kabisa, na mtu aliyeishindilia huenda alifariki zamani bila kuifyatua wala kuiondoa. Silaha za kale zenye baruti ndani huendelea kugunduliwa katika makusanyo ya faragha na ya makumbusho.

Jambo la pili ni kwamba baruti nyeusi iliyozibwa isipate maji huhifadhi nguvu zake kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 2008, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, mkusanyaji mwenye uzoefu wa miaka mingi aliuawa na kombora la vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 alipokuwa akilisafisha nyumbani kwake.

Kwa mkulima ambaye jembe lake limegonga chuma, au familia iliyofungua sanduku la babu, hatua zinazofaa ni hizi:

Usiiguse, usiisogeze, wala usivute nyundo au triga kwa nia ya kuijaribu.

Usiipige, usiipashe moto, wala usiikwangue kutu. Fataki kuukuu huweza kulipuka kwa pigo dogo.

Waondoe watoto na watu wengine, kisha weka alama inayoonekana kwa mbali, kama vile kijiti chenye kitambaa, bila kusogea karibu.

Mfahamishe kiongozi wa kijiji au kituo cha polisi kilicho karibu. Namba ya dharura ya polisi nchini Rwanda ni 112.

Usimuuzie mtu wala kuivusha mpakani, hata kama anayeitaka anadai kwamba ni vyuma chakavu au pambo.

Iwapo silaha hiyo ina thamani ya kihistoria, wataalamu huweza kuiondolea hatari na kuihifadhi. Haipungukiwi na thamani hiyo kwa kusubiri polisi wafike.